Tata Ikala, Aliyeliliwa Mara Mbili

Wazazi wetu, wakubwa wa kanisa, ndugu wa kituo, majirani wa Dilala, na ninyi wachimbaji mliotoka kazini na matope yenu, mimi ni Ernestine, dada mdogo wa marehemu, mwalimu mstaafu, wengi wenu niliwafundisha kusoma, kwa hiyo mtanivumilia nikisema kwamba historia hii itasomwa mpaka mwisho bila mtu kuikata. Mkubwa wa komini ametupatanisha kwa jambo moja tu, kwamba jeneza lisiondoke hapa mlangoni mwa kituo hiki cha ibada, wala kwenda makaburi ya kanisa, wala kwenda kwenye shimo lililochimbwa ndani ya uwanja, kabla familia haijasoma maisha ya huyu tunayemgombania. Gari la kanisa limewasha mota, naisikia, dereva anaweza kuizima. Mstari huu niliuandika jana nikijua kwamba nitakapousoma mtakuwa bado mmesimama, pande mbili, mikono kiunoni, nami nawaomba mketi, viti vipo, na wasio na viti mikeka ipo.

Marehemu Kalonji Ezéchiel alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa pili wa Tata Lukusa na Mama Mushiya, akimfuata kaka yetu mkubwa Badibanga, shemasi wa kanisa, ambaye mnamwona pale karibu na gari. Tata alitoka Gandajika, huko Kasai, akaletwa na kampuni ya madini akiwa kijana, akapewa kazi ya kutengeneza mabehewa na nyumba ya matofali katika Dilala hii hii, na hapo ndipo tulipozaliwa sote watatu. Mama yuko hai, ana miaka themanini na minne, yuko kando ya jeneza, na kati yenu wote ndiye peke yake aliyeketi bila kuombwa.

Kalonji alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1967 mpaka 1973, kisha akaingia shule ya ufundi, sehemu ya umeme, ambako vita vya Mei 1978 vilimkatizia mwaka mzima, akamaliza Julai 1980. Sitaficha kwamba alikuwa mtoto asiyetulia, mwalimu wake wa kwanza alimsimamisha kando ya ubao miezi yote kwa sababu kumketisha kulikuwa kumemshinda, na nyumbani alikula akizunguka meza, akimaliza sahani yake na ya kwangu. Wanaomjua kwa jina alilokuja kupewa baadaye na wacheke, nawaruhusu.

Tarehe 1 Oktoba 1980 aliandikwa kazi ya fundi umeme katika karakana za kampuni, alipofanya kazi mpaka 1993, na tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa kanisani na Fifi, binti wa jirani yetu wa nyuma, msichana mwenye kicheko kilichosikika barabara ya pili. Walijaliwa mtoto mmoja, Naomie, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1990, naye alimpanda baba yake mabegani tangu alipojua kushika nywele.

Mwaka 1993 mnaujua, na wasioujua waulize wazee wao. Tulipoambiwa kwamba watu wa Kasai hawawezi tena kuishi Katanga, hata sisi tuliozaliwa humu na tusiojua njia ya Gandajika, tulikwenda stesheni na magodoro yetu kungoja treni, watu wakawa wengi kuliko nafasi, mvua ikanyesha juu yetu, na mgonjwa alikuwa akilazwa mahali ambapo mwingine ametoka kufa. Naomie alifariki pale tarehe 21 Aprili, kwa surua, na Fifi tarehe 3 Mei, kwa kuhara, wote wawili wakizikwa upande wa pili wa reli bila wimbo. Treni ilipokuja Kalonji aliwapandisha Tata na Mama, akanipandisha mimi, akampa Badibanga mizigo kupitia dirishani, nasi tukadhani anazunguka kutafuta mlango. Hakupanda, treni iliondoka tukimwona amesimama kwenye changarawe, mikono mitupu, na hiyo ndiyo picha tuliyokwenda nayo Kasai.

Tunayojua ya miaka iliyofuata tumeyapata kwake mwenyewe. Alivuka mpaka kwa miguu akaingia Zambia, akafika Kitwe, akaajiriwa na Bwana Jayantilal, Mhindi mwenye duka la vipuri, ambaye siku moja alimtuma hekaluni kwao kutengeneza taa. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, akalazimika kungoja, akaketi sakafuni gizani huku akina mama wa Kihindi wakiimba, na akasema kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu stesheni kuketi bila kuona reli mbele ya macho. Alimuuliza Bwana Jayantilal akina mama wale walikuwa wakimwomba Mungu nini, akajibiwa kwamba hawakuomba kitu, walikuwa wakiita jina lake tu. Alirudi kesho yake, taa zikiwa zimekwisha kupona, na kesho kutwa.

Mwaka 1995 Bwana Jayantilal alimsaidia kufika India ya kaskazini, mahali mto Ganga unapotoka milimani, katika nyumba ya watawa wa Kihindu, akapokelewa kuosha masufuria. Alimwomba mwalimu mkuu ampe nadhiri, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena, mzee yule akimwambia kwamba anayekuja kwa kukimbia atakimbia hata akiwa na nguo ya mtawa, basi akae jikoni mpaka miguu itulie. Miguu ilichukua miaka minne. Tarehe 2 Machi 1999 aliweka nadhiri, akapewa jina la Swami Dhairyananda, yaani mwenye kuona furaha katika uvumilivu, na hapa nawaomba pande zote mbili msikilize vizuri kuliko mlivyosikiliza mpaka sasa.

Mtawa wa namna hiyo, kabla ya kupokea jina jipya, hujifanyia mwenyewe mazishi. Kalonji alinyolewa nywele, akajitolea mwenyewe sadaka ya wali inayotolewa kwa wafu, akaketi mbele ya moto, akaukabidhi moto ule jina lake, ukoo wake, kazi yake na kila alichokuwa akikiita changu, na alipoinuka, kwa sheria ya watawa wale, Kalonji alikuwa amekwisha kufa na moto ulikuwa umekwisha kupata sehemu yake. Kwa hiyo alimpigia simu Bwana Jayantilal, akimwomba amfikishie mama yake maneno haya: Kalonji amekufa, amezaliwa mwingine.

Wakati ule sisi tulikuwa Mwene-Ditu, huko Kasai, bila simu, habari zilipita kwa foni, zile redio za wafanyabiashara wa mahindi, na maneno yake yalitoka Kitwe mpaka Lubumbashi, kutoka Lubumbashi mpaka kwetu, yakipita mikononi mwa watu ambao hawakumjua. Mmoja wao, kwa huruma yake, aliona kwamba «mwingine» ni neno lisiloeleweka, akalinyoosha. Sisi tulipokea hivi: Kalonji amekufa, amezaliwa mutoto.

Tukalia. Tuliweka kilio Mwene-Ditu mwezi wa Juni 1999, Badibanga akiwa mkubwa alinyoa kichwa, akalala chini na wanaume, akapokea watu wote, na siku ya mwisho akasimama mbele ya familia akafunga kilio kwa sauti iliyokatika katikati, nilikuwapo, niliisikia. Tata Lukusa alifariki tarehe 17 Septemba 2001 akiamini kwamba mwana wake amemtangulia. Mama yeye alikuwa na kazi nyingine, alikuwa na mjukuu mahali fulani Zambia, hajui jina lake wala mama yake, akawauliza madereva wote wa malori waliopita njia ile, akafuma sweta ndogo ya sufu ya njano, na mwaka 2003, tuliporudi Kolwezi na kupata tena chumba katika barabara ile ile ya zamani, ile sweta ilisafiri ndani ya kitenge chake cha kiunoni.

Tarehe 12 Agosti 2006, baada ya mwalimu wake kumwambia arudi mahali alipofukuzwa akaketi hapo, marehemu alisimama mbele ya nyumba yetu akiwa amevaa nguo ya rangi ya chungwa, na jirani aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliacha mchi akakimbia. Badibanga alitoka akashika mlango kwa mikono miwili, akasema: «Mi nilimulia, nikanyoa kichwa, nikafunga kilio. Mutu mi nilifunga kilio yake, namna gani anaingia tena mu nyumba?» Hakuwa mkorofi, ndugu zangu, na ningekuwa mimi ndiye niliyenyoa kichwa sijui ningefanya nini. Ndipo Mama alipotoka, akamtazama mwana wake juu mpaka chini, akauliza swali moja tu, lile alilolibeba miaka saba: «Mutoto eko wapi?»

Marehemu hakuelewa. Ilibidi nimweleze mimi, pale pale barabarani, habari ya foni na sweta, na nilimwona akielewa, na sitamani kuona tena uso wa mtu ukielewa kitu cha namna ile. Alipiga magoti akasema: «Mama, ule mutoto ni mi.»

Mama alifungua kitenge, akatoa ile sweta ya njano, akamwekea begani, nayo haikufunika hata bega lile, kisha akamvutia kigoda. Akasema: «Basi ikala, mujukulu.» Katika Kiswahili chetu cha hapa kuikala ni kuketi, tena ni kubaki, tena ni kuishi mahali, na mtu aliyeambiwa mwaka 1993 kwamba hawezi kuikala Kolwezi aliambiwa neno hilo na mama yake mlangoni, yote matatu kwa mara moja. Tangu siku ile Mama hakumwita tena mwana, alimwita mjukuu na kumtania wajukuu wanavyotaniwa, na Badibanga hakumwita chochote, wala hakutia mguu katika kituo, akimwona upande huu wa barabara alivuka ng'ambo.

Kituo hiki cha ibada alikianzisha tarehe 14 Januari 2007 katika gereji iliyoachwa, njia ya kwenda Kingamyambo, ikiwa haina paa wala milango, akianza na watu wawili na kengele ya kipande cha reli. Waliimba majina ya Mungu kwa Kihindi, kwa Kiswahili na kwa Tshiluba, ngoma zikafuata, na kila Alhamisi palipikwa wali na maharage kwa yeyote aliyepita, hasa wachimbaji wanaotoka pembe zote za nchi na wasio na mama hapa. Jina la Dhairyananda lilitushinda kutamka, na kwa kuwa kila aliyeingia na shida, na kelele, na panga pengine, alijibiwa neno moja kabla ya mengine yote, mji ulimwita Tata Ikala. Kituo kilipigwa mawe, kilisemwa kwamba kinafuga nyoka, kilisemwa kwamba kinauza roho za watu kwa Wahindi, na yeye aliokota mawe yale akayajengea jiko.

Kuna jambo moja la mwaka 2019 ambalo lazima niliseme leo, kwa sababu ya uvumi unaozungushwa mjini na madereva wa taxi-moto, zile pikipiki za abiria. Shimo moja la wachimbaji lilibomoka mwezi wa Juni, likaua watu, na mkuu wa kikosi, Papy, huyu ambaye leo ndiye anayeongoza kituo, alitoka mzima. Jamaa za waliokufa walimshika, wakamfunga tairi, wakammwagia petroli. Tata Ikala alifika akihema, akapenya katikati yao, akaketi chini kando ya Papy, bega kwa bega, petroli ikamlowesha na yeye, na mwenye kiberiti akasimama juu yao. Akasema: «Muikale kwanza, njo mutuchome», yaani waketi kwanza, ndipo wawachome. Hawakuketi mara moja, walitukana, walilia, mmoja alimpiga teke, lakini mama mmoja aliketi, na mwingine akaketi kumshika, na wakati wote walipokuwa chini wakiomboleza watu wao hakuna aliyejua tena kiberiti kiko wapi.

Sasa mnaniambia kwamba Papy amenunua mafuta ili amchome marehemu.

Ugonjwa wake ulianza Machi 2023, kikohozi, kisha damu, mapafu yalikuwa yamejaa vumbi la mji huu tunalolila sote, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 20 Januari mwaka huu wa 2025. Daktari Abigaël alifanya yote aliyoweza. Ndugu wa kituo mlikesha kwa zamu ndani, na mnadhani familia haikuja, lakini mlinzi wa geti la hospitali aliniambia kwamba kila jioni mzee mmoja mwenye Biblia chini ya kwapa alifika hapo nje, akauliza kama yule mtawa bado anapumua, akajibiwa ndiyo, akaondoka. Badibanga, usiniangalie hivyo, mlinzi yupo hapa. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Februari alfajiri, akiwa amejiegemeza ukutani, kwa sababu kulala kulimnyima hewa.

Yaliyofuata yametuaibisha. Papy na wenzake walianza kuchimba uwanjani, na kwa kuwa ni wachimbaji walichimba kama wanavyojua, shimo la mviringo linaloshuka wima, kisha wakaingiza magunia ya chumvi na kafuri, na aliyechungulia ukutani akaenda akitangaza kwamba Wahindi wanatengeneza tanuri. Badibanga aliposikia habari ya chumvi alisema mbele yetu sote: «Ndugu yangu haiko makayabu», na kweli nani anataka ndugu yake atiwe chumvi kama samaki mkavu wa sokoni, na Alhamisi vijana wa familia wakautoa mwili mochwari kwa nguvu. Watu wa kituo wakaketi barabarani mbele ya gari, mia na zaidi, mpaka polisi wakafika, na tangu hapo tuko hivi.

Mimi niliingia kumuuliza Papy, jambo ambalo lingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye miguu. Akanieleza kwamba mtawa hachomwi, moto wake ulikwisha siku ya nadhiri, yeye huzikwa ardhini, ila hazikwi amelala, huketishwa, miguu ameikunja, jinsi alivyokuwa akisali, na chumvi humzunguka ili akae wima. Kwa hiyo, ndugu zangu, hakuna aliyetaka kumchoma. Mmekamatana makoo siku nne kwa ajili ya moto ambao haupo, pande zote mbili mnataka ardhi, na kinachobaki kati yenu ni kama ataingia amelala au ameketi, na mkononi mwa nani.

Familia inawashukuru Daktari Abigaël na wauguzi wake, mlinzi wa geti, majirani wa Dilala waliopika pande zote mbili bila kuuliza nani ni wa nani, mafundi umeme wa zamani wa kampuni waliokuja na mikongojo yao, wachimbaji, mkubwa wa komini kwa subira yake, na watoto wa Bwana Jayantilal waliosafiri kutoka Kitwe, ambao baba yao alituletea msiba wa kwanza kwa nia njema kabisa.

Jana nilimsomea Mama karatasi hizi. Alisikiliza akiwa na sweta ya njano mapajani, akaniambia niandike maneno yake mwisho, niyasome alivyoyasema, nisiyanyooshe, kwa kuwa tunajua sote kilichotupata safari ile mtu aliponyoosha maneno. Ni haya: «Mu tumbo yangu alikuwa ameikala. Muache aikale. Na mutu wa kushuka kumupokea ni Badibanga, sababu yeye njo alinyoa kichwa.»

Yaya Badibanga, kaka yangu mkubwa, ngazi ya wachimbaji iko tayari, Papy atakushikia juu. Mwambieni dereva azime mota.

Na wewe, yaya Kalonji, mjukuu wa mama yako, uliyesimama kwenye changarawe mpaka treni ikapotea, wengine tunawaombea walale salama, wewe hulali. Ikala na amani.